Wimbo unapokataa kuja



Juma lililopita tuliongea juu ya watoto wanaokataa kulala mapema, na barua zilikuja nyingi, tutazirudilia. Leo tunaomba nafasi hii kwa jambo ambalo wengine watasema ni la starehe tu: kutunga nyimbo nyumbani, na hasa ile hali ya kukaa na gitare au kinanda saa nzima, na kitu kisitoke. Katika parsele nyingi za wanachama wetu yuko mtu anayetunga. Ni mama wa korali, ni kijana anayepiga gitare nyuma ya nyumba, ni binti anayejifungia chumbani na telefone. Wimbo ukimgomea mtu wa namna hiyo, nyumba nzima inajua. Sombe inazidi chumvi, na watoto wanapigiwa kelele kwa makosa ya jana.

Mama mmoja wa Katuba ametuandikia. Ameomba tusitaje jina lake, nasi tunatii. Kwa miaka sita yeye ndiye mtungaji wa korali yake. Ametunga nyimbo za ndoa, za kupokea wageni, na nyimbo za tarehe 8 Machi ambazo wengi wenu mmeziimba mkitembea na vitenge vipya bila kujua zimetoka katika jiko la nani. Tangu matanga ya mama yake, mwezi wa kumi na moja, hakuna kitu. Anaweka vidole juu ya kinanda, anaviondoa. Korali inangoja wimbo mpya, na wenzake wameanza kusema kwamba kazi hiyo apewe mwingine. Bwana yake naye amesema: kinanda kama hakilii tena, kiuzwe, tulipe minervali ya mtoto wa sekondari. Kinanda hicho mama alikinunua kwa zamu yake ya likelemba. Anatuuliza kama kipaji kinaweza kuisha kama unga ndani ya mfuko.

Mama, hapana. Mtu aliyesonga bukari miaka sita haamki asubuhi moja akiwa hajui tena. Kinachopotea ni mahali pa kuanzia, na hapo ndipo tunataka kukaa leo.

Sisi tunafundisha darasa la tano. Tukiandika ubaoni neno «Mvua» na kusema andikeni, nusu ya darasa inatazama mabati. Watoto hawa wamenyeshewa na mvua maisha yao yote, mvua wanaijua kuliko sisi. Wanachotafuta ni sentensi ya kwanza iliyo nzuri kama ya kitabu, na hiyo haiji. Lakini tukisema, «Andika vitu vitatu ulivyoona njiani asubuhi ya leo», kalamu zinatembea. Mmoja anaandika juu ya baiskeli iliyozama katika dimbwi, na mvua inaingia yenyewe. Tulipokuwa ISP, walimu wetu hawakuchoka kutuambia: toka kwa kinachojulikana, ndipo uende kwa kisichojulikana. Wakati ule tuliona ni maneno ya mtihani. Kiisha darasa lilitufundisha kwamba ni maneno ya kazi.

Sasa, mama wa Katuba, tukisoma karatasi yako tunakuona unakaa mbele ya kinanda ukingoja wimbo mzima: melodi, beti, sauti nne za korali, na makofi ya wasikilizaji juu yake. Hakuna mtu anayeweza kuanzia huko. Kinanda chenyewe hakikusaidii. Kina vibonye vingi na sauti za kila namna, kuna tarumbeta, kuna violini, kuna ngoma inayojipiga yenyewe. Tunawajua watu wanaomaliza saa nzima wakichagua sauti, na saa inaisha hawajaimba hata neno moja. Chukua kitenge, funika kinanda, uache vibonye vitano tu: do, re, mi, sol, la. Hizo tano hazigombani. Zipange vile unavyotaka, hakuna itakayoumiza sikio. Tafuta wimbo ndani ya hizo tano kwa juma zima. Ukikosa sauti ya sita, utajua kwa nini unaitaka, na hapo uifunue.

Wale wanaosema kwamba vitu vichache vinafunga mtu, waende kusikiliza karindula. Hapa Lubumbashi tunaijua: pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi juu yake, mti mrefu, nyuzi nne. Kwa nyuzi hizo nne watu wanaimba habari za mji mchana mzima, nani ameoa, nani amefukuzwa kazi, nani anadaiwa. Na Franco Luambo, kabla ya kupata gitare ya kweli, alijitengenezea yake kwa kopo na nyuzi za umeme alipokuwa mtoto Kinshasa.

Jambo la pili ni kurudilia. Tunaona wengi wanaogopa kurudi kwa wimbo wao wa zamani, wanadhani kila mara ni lazima kitu kipya kabisa. Wababa na mababu zetu wanamkumbuka Mwenda Jean-Bosco. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, akamrekodi kwa mashine aliyotembea nayo. Alikuwa mtu mmoja, gitare moja, kidole gumba na kidole cha pili cha mkono wa kuume. «Masanga» yake ilitoka hapo, na ikavuka mipaka. Lakini sikilizeni hili: Mwenda aliurudilia «Masanga» mara nyingi katika maisha yake, na hakuupiga sawasawa. Aliongeza hapa, akapunguza pale, akageuza mwanzo. Wimbo mmoja ulimlisha miaka mingi. Basi chukua ule wako wa ndoa ambao watu waliupenda. Uimbe polepole mpaka uchoke nao. Geuza kitu kimoja tu, ama mwisho wa mstari upande badala ya kushuka, ama anza katikati. Mara nyingi kile kilichogeuzwa kinaanza kutembea chenyewe, na baada ya siku tatu huoni tena wimbo wa kwanza ndani yake.

Tunajua mtakachouliza: na kuchukua melodi ya mwingine? Kwa zoezi ndani ya nyumba, chukua, watoto shuleni wanafanya hivyo kila siku na nyimbo za redio, na maneno yao mara nyingine ni mazuri kuliko ya redio. Mbele ya watu, sema ulipoitoa.

Kuna jambo moja ambalo tunataka kulieleza vizuri, sababu katika korali zetu linaleta taabu nyingi na watu wanadhani ni ukosefu wa kipaji. Mara nyingi mtungaji anasema amekwama, na kumbe maneno ndiyo yanayogombana na melodi. Kiswahili kinaweka uzito kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema ma-SO-mo, ki-TE-nge, tuna-PE-nda. Kifaransa kinaweka uzito mwishoni. Sisi tumekulia na nyimbo nyingi za Kifaransa, shuleni, kanisani, kwenye redio, na melodi zake zimekaa ndani ya masikio yetu. Mtu anachukua mwendo wa namna ile, anamimina maneno ya Kiswahili, na pigo kubwa linaangukia «tunape-NDA». Anaimba, anasikia kuna kitu kibaya, hajui ni nini. Anafuta mstari, anatafuta mwingine, nao unajikwaa pale pale. Baada ya mistari kumi anafunga kinanda na kusema roho haiko.

Dawa yake haina gharama. Acha kinanda kabisa. Sema mstari wako kwa nguvu, kama vile unamwita mtoto aliye ng'ambo ya barabara, na upige makofi pale sauti inaposukuma. Usiimbe bado. Sema mara kumi. Utasikia maneno yana mapigo yao na hata kupanda na kushuka kwao. Melodi ifuate hapo. Kama mstari ni mfupi kuliko pigo, ongeza «e» au «mama e» mwanzoni, wazee wetu walifanya hivyo na hakuna aliyewacheka. Na wale wanaotunga kwa Kiluba au Kibemba wawe na uangalifu zaidi, sababu katika lugha hizo sauti ikipanda mahali pa kushuka, neno linaweza kugeuka lingine. Tulishasikia watu wazima wakicheka katikati ya wimbo wa huzuni, na mwimbaji hakujua kwa nini.

Mapigo yenyewe yako fasi zote ndani ya parsele. Wamama wawili wakitwanga sombe katika kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake, tayari kuna ngoma. Wa tatu akiingia katikati yao, ngoma inakamilika. Huwezi kutwanga vibaya, sababu michi itagongana. Mweke telefone juu ya kiti karibu na kinu, urekodi dakika 2, kiisha usiku uisikilize na useme neno lolote juu ya mapigo yale. Neno lolote, hata majina ya vitu vya sokoni. Maneno mazuri yatakuja kuchukua nafasi baadaye.

Juu ya telefone tuongeze hili. Kila unachokiokota, hata pumzi tatu za melodi, rekodi, taja tarehe kwa sauti, funga. Usisikilize siku ile. Sikio lililochoka linachukia kila kitu, na wengi wanafuta usiku kitu ambacho asubuhi kingewafaa. Walimu tunajua: mtoto anayefuta sana anatoboa daftari. Usifute mpaka mwisho wa mwezi. (Na kama telefone imejaa, tafuta kwanza zile video za watoto wanaocheza, tunajua ziko ngapi.)

Saa gani? Hapa tunasema waziwazi kwamba mashauri mengi yanatolewa na watu ambao hawachoti maji. Mtunzi anayeambiwa atenge mchana mzima wa Jumapili hatautenga. Dakika 15 za kila siku zinatosha, na ziwe saa ile ile. Wengine wanaamka kabla ya watoto, wengine wanangoja mbabula ishike moto. Umeme ukikatika jioni, kinanda kinanyamaza, ni kweli, lakini ndiyo saa ambayo televisheni nayo imenyamaza. Sauti yako haihitaji waya. Nyimbo nyingi tunazozijua katika mtaa huu zilitungwa gizani, na zinasikika hivyo, zina nafasi ndani yake.

Na nyumba imsaidie. Wababa, kama mnasoma, na tunajua mnasoma, msiulize «Umemaliza?» Msicheke nusu ya wimbo. Watoto wasifukuzwe kila mara, sababu mtoto ndiye mtihani wa kweli. Kama kesho yake anaosha sahani na melodi yako iko kinywani mwake bila mtu kumtuma, hiyo ni nzuri, ishike. Kama hakuna mtoto aliyeichukua baada ya juma, iache ilale.

Sasa turudi kwa mama wa Katuba, kwa jambo ambalo tumelichelewesha kwa makusudi. Mama, karatasi yako ina kurasa mbili. Kinanda umekitaja mara nyingi hata tumeacha kuhesabu. Matanga ya mama yako umeyataja mara moja, katikati ya sentensi ndefu. Tunadhani wimbo wa ndoa hauji kwa sababu kuna mwingine mbele yake mlangoni, nao hujaupa ruhusa ya kupita.

Baluba wana kasala. Wengi wetu tumeisikia kwenye matanga, mama mmoja anasimama na anaanza. Haanzi na wazo. Hasemi mauti ni nini wala maisha ni nini. Anaanza na majina: wewe mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani, wa kijiji kile, wa mto ule, wewe uliyeitwa hivi na hivi. Majina yanaita majina mengine, na sauti inapata njia yake. Anayelia anaweza kuifanya, na anayecheza harusini pia, sababu kasala ni ya kilio na ni ya furaha. Kwa mtu aliyekwama hatujui mwanzo mwingine ulio bora kuliko huo, awe Muluba au asiwe.

Basi chukua karatasi, uandike majina yote ambayo watu walimwita mama yako. Jina la nyumbani, jina la utani la sokoni, vile wajukuu walivyolikata. Andika mto aliochota maji akiwa msichana. Andika vitu alivyokataza. Andika alivyowaita kuku jioni, na hapo simama kidogo, uwaite kuku vile alivyowaita yeye, kwa sauti yake. Hiyo ni melodi. Ulikuwa nayo tangu utoto. Iweke kwenye vibonye vyako vitano. Wimbo huo si wa korali, si wa tarehe yoyote, na hakuna anayeungoja, kwa hiyo hauwezi kuchelewa. Ukilia katikati, lia. Kama baada ya siku chache kifua bado kimefunga, usilale usingizi, huli, usibaki na kinanda peke yako. Mwite dada yako au mmoja wetu wa chama aje alale kwako, na mwende pamoja kituo cha afya. Huzuni ya namna hiyo ina waganga wake, na kutunga wimbo siyo mmoja wao.

Kwa wamama wa korali tuna neno pia. Mmeimba miaka sita bila kutunga, na sasa miezi michache ya kunyamaza imewashtua. Kwa nini kutunga kuwe kazi ya mtu mmoja? Siku ya mazoezi, mmoja atupe mstari, wengine waitikie, kiitikio kitokee kwenu. Mistari saba itakuwa mibaya. Wa nane atauchukua mama wa Katuba nyumbani akaunyoshe, maana hiyo ndiyo kazi yake halisi, na tunaamini atauona kabla yenu.

Umebaki ushauri juu ya kinanda. Sisi ni walimu, hatutasema minervali ni jambo dogo. Shule za msingi za serikali haziidai tangu 2019, lakini sekondari inadai, na tumeona mtoto akiitwa jina mbele ya wengine, akiondoka na daftari zake. Bwana yako anaogopa kitu cha kweli. Lakini fanyeni hesabu pamoja. Kinanda kilichotumika kinauzwa kwa bei ndogo kuliko ile mliyonunulia. Kama likelemba yenu ina watu 12 na mnatoa kila mwezi, zamu yako ikipita itarudi baada ya mwaka. Minervali ya trimesta hii mnaweza kuomba kuilipa kwa sehemu, masomo mengi yanakubali mzazi akienda mwenyewe mapema, kabla ya orodha kusomwa. Kuuza kitu mwezi wa huzuni, tunawashauri msubiri angalau mpaka trimesta iishe.

Na kuna hesabu nyingine ambayo karatasi yako haikuigusa. Korali ikiitwa kwenye ndoa, bahasha inatolewa. Bahasha inaingia katika sanduku la korali, sanduku linanunua vitenge na kulipa usafiri, na hilo ni sawa. Kwa miaka sita mtungaji amepata makofi. Kinanda ni chake, kukitengeneza ni kwake, dakika 15 za alfajiri ni zake. Tunaomba kamati ya korali iweke jambo hili mezani katika mkutano wa Jumamosi: katika kila bahasha, sehemu gani ni ya aliyetunga? Kiasi mtajua ninyi. Na yule mwenzetu anayetajwa kupewa kazi hiyo, naye aambiwe sehemu yake ni ngapi kabla hajaanza.